Barua Niliyoandika Kuhusu Yowe

Nilirudi kutoka semina ya Musoma nikiwa mtaalamu wa maafa. Siku tatu zinatosha. Siku ya kwanza tulijitambulisha, siku ya pili tulijifunza maafa yote ya duniani, siku ya tatu tulipiga picha ya pamoja. Mwezeshaji alikaa sana kwenye tsunami, nadhani kwa sababu ukumbi ulikuwa unatazama ziwa. Alitufundisha pia kwamba jengo likishika moto tusitumie lifti. Nikaandika kwenye daftari na kupigia mstari: tusitumie lifti. Shule yangu ni ya msingi, iko upande wa Butiama, ukiacha lami na kupanda kwenye mawe, na kitu kirefu kuliko vyote pale ni mlingoti wa bendera.

Kila mshiriki alipewa kizibao cha njano kinachong'aa, kofia na cheo. Mimi nikawa Mratibu wa Maafa wa Shule. Chakula kilikuwa sato mzima mzima, kwa hiyo sitasema kwamba semina ile haikuwa na faida.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kijiji kile. Nimezaliwa Bunda mjini, Manyamanyama, binti wa fundi cherehani, na kwetu mtu akipiga kelele jirani huongeza sauti ya redio. Sisemi hivi ili kujitetea. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, nikawaachia wengine wale.

Kazi ilianza kwa kasi. Tulipaka ndoo sita rangi nyekundu, tukazijaza mchanga, tukazipanga barazani. Watoto wa awali walizimaliza kwa wiki moja, wakipika ugali wa mchanga. Tuliletewa mtungi wa kuzimia moto, mpya, bado una nailoni yake, na mwalimu mkuu akaufungia kabatini ofisini kwake pamoja na mpira wa miguu, kwa sababu vitu vizuri vinaibwa. Katikati ya uwanja tulisimika nguzo yenye kibao kilichoandikwa ENEO LA KUKUSANYIKA WAKATI WA DHARURA. Jirani mmoja akaona nguzo imesimama bure, akaanza kufungia mbuzi wake pale.

Tatizo lilikuwa kengele. Kengele yetu ni ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo ya jikoni, na ringi hiyo ndiyo huita kila kitu: paredi, mapumziko, uji, kwenda nyumbani. Siku ya jaribio la kwanza niliigonga kwa nguvu zangu zote, nimevaa kizibao, na shule nzima ikatoka mbio. Walikimbia vizuri sana. Walijipanga mbele ya jikoni wakiwa na vikombe, na wa la kwanza walilia walipoona hakuna uji.

Hapo ndipo nikapata wazo langu. Nilisema, ishara ya dharura isiwe ringi, iwe yowe. Watoto wa kule wanajua kupiga yowe kabla hawajajua kusoma. Nikawachagua wasichana wanne wa la saba wenye mapafu, nikawapa kazi ya kuongoza, na wengine wote wapokee huku wakikimbilia kwenye nguzo. Walimu wenzangu waliozaliwa kule walitazamana. Mmoja akaniambia, "Madamu, hilo yowe wewe unalijua lakini?" Nikamjibu kwamba nimehudhuria semina.

Siku ya zoezi lenyewe alikuja afisa kutoka wilayani, kijana mwenye viatu vilivyochongoka, kushika saa. Wasichana wangu wakapiga yowe. Nywele zilinisimama, sitadanganya. Watoto mia kadhaa wakalipokea, wakatoka madarasani, na afisa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakutikisa kwa muda mrefu.

Walitokea kwenye mawe, kwenye mihogo, barabarani, kisimani. Wanaume na fimbo, wengine mapanga, wanawake na ndoo za maji, bibi mmoja na mchi wa kinu. Hata vikombe vya uji tulikuwa bado hatujaanza kuviosha, kijiji kizima kiko uwanjani. Aliyefika mbele alikuwa anahema, akaniuliza swali moja tu: "Ng'ombe wameelekea wapi?"

Nikajifunza siku hiyo kile ambacho semina haikunifundisha. Kule yowe haliulizwi. Ukilisikia unachukua kilicho karibu na mkono, unakimbilia linakotoka, na wewe unalipiga tena ili wa nyumba ya pili alipokee. Iwe wezi wa mifugo, iwe fisi, iwe moto, utajua ukifika. Asiyeenda ataitwa kujieleza, na siku yake ikifika atapiga peke yake. Mimi nilikuwa nimetumia kitu hicho kama filimbi ya refa.

Na kwa kuwa ng'ombe hawakuonekana, wakatafuta mgeni. Mgeni alikuwa mmoja, mwenye viatu vilivyochongoka. Afisa alikwenda kukaa kwenye choo cha walimu mpaka mwenyekiti wa kijiji alipomdhamini.

Ripoti yake ilikuja baada ya wiki mbili. Kasi ya wanafunzi: nzuri. Kasoro iliyobainika: zoezi kuingiliwa na jamii. Mapendekezo: jamii ielimishwe. Wala hakuandika kwamba watu wale walifika upesi kuliko gari lolote litakalowahi kutumwa kwetu. Na mimi, niliyeona kwa macho yangu, sikuandika pia. Nilikaa nikaandika barua.

Naikumbuka kwa moyo. "Mnaarifiwa kwamba mayowe yatakayosikika kutoka eneo la shule ni sehemu ya mazoezi ya kujikinga na maafa. Wananchi mnaombwa kutofika shuleni na kuendelea na shughuli zenu." Nikasaini, mwalimu mkuu akagonga muhuri. Ilisomwa kigangoni baada ya misa, ikasomwa kwenye mkutano wa kijiji, na mimi nikasimama kuifafanua nikiwa na kizibao changu.

Mama mmoja aliyekaa chini na mtoto mgongoni akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, na siku likiwa la kweli?"

"Siku hiyo mtajulishwa," nikasema.

Natamani kusema kwamba watu walinicheka. Hawakucheka. Waliitikia kwa kichwa, kwa sababu mwalimu amesema na karatasi ina muhuri.

Tukafanya mazoezi kila Jumatano. Jumatano ya kwanza wanaume watatu walifika, wakasimama kando ya uwanja wakijikuna shingo kwa aibu. Ya pili alifika mmoja. Ya nne hakuja mtu, na mbuzi wa kwenye nguzo hakuinua hata kichwa. Afisa akarudi, akapima, akaandika: ushirikiano wa jamii ni mzuri sana. Tukapewa cheti. Mwalimu mkuu akakitundika ofisini, juu ya kabati lenye mtungi.

Darasa la pili walikuwa kwenye jengo la zamani, mlango mmoja, kuta za tofali zilizokuwa zimeanza kupasuka kwenye pembe. Nilikuwa nimeliandika jengo lile kwenye mpango kazi, namba tisa. Namba moja ilikuwa vizibao.

Ilikuwa Jumatatu, kabla ya saa nane mchana. Upepo ulitokea ziwani na mvua ikiwa nyuma yake, kama inavyokujaga miezi ile, lakini huu ulikuja kwa hasira. Nilikuwa la tano nafundisha hesabu za sehemu. Nilisikia bati zikipiga, kisha sauti nzito ya kitu kikikaa chini. Paa la la pili lilikuwa limenyanyuka upande mmoja, likaanguka na kenchi zake, zile mbao zinazobeba bati, na ukuta wa nyuma ukalifuata.

Sasa hapa naomba nisifiwe. Kila kitu kilikwenda kama tulivyofundishwa. Wasichana wakapiga yowe, watoto wakatoka, hata wa la pili walitoka, wenye vumbi na damu za mikwaruzo, wakakimbilia kwenye kibao wakasimama kwa mistari kwenye mvua na radi. Mwongozo unasema hakuna anayerudi ndani kabla ya kuita majina. Mimi, mratibu, nikazuia walimu wasirudi. Madaftari ya mahudhurio yalikuwa ofisini, ofisi imefungwa, na ufunguo anao mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa Musoma. Semina ya maafa, awamu ya pili.

Tukahesabu vichwa. Tukakosea, tukahesabu tena. Mwalimu wa la pili ndiye aliyegundua nani hayupo: msichana mmoja mdogo, anakaa dawati la nyuma. Na alipomtaja tu ndipo tukamsikia. Alikuwa anapiga yowe kutoka ndani ya kifusi. Tulikuwa tumemsikia muda wote. Tulidhani ni wenzake.

Kenchi ilikuwa imemlalia mguu, na juu ya kenchi ukuta. Kichwa chake na mikono vilikuwa huru chini ya dawati. Tulikuwa walimu wanne, wanawake watatu na mwalimu wa kiume anayekaribia kustaafu. Tulitoa tofali kwa mikono, tukainua, mbao ikapanda kiasi cha kiganja ikarudi, naye akalia kwa namna ambayo hatukuthubutu kujaribu tena. Simu hazikuwa na mtandao. Nikatoka barazani nikapiga yowe mimi mwenyewe, mtu wa Manyamanyama, nikalipiga vibaya, na shule nzima ikanipokea. Watoto wale walipiga yowe mpaka sauti zikawakauka. Nilitazama kule kwenye mawe ambako siku ile walitokea na mapanga na ndoo. Hakutokea mtu. Kijiji kilikuwa kinaendelea na shughuli zake.

Nilimtuma mwalimu wa la pili akimbie. Hakufika mbali. Barabarani alimkuta mama mmoja muuza dagaa, ametoka Kibara, mara yake ya kwanza kupita njia ile, ameshatua beseni lake chini na kufunga khanga kiunoni. Hakuwahi kusomewa barua yoyote. Alichosikia ni yowe, naye akalipokea palepale, kutoka barabarani, nje ya eneo la shule, kwa sauti ya mtu mzima. Dakika hiyohiyo nyumba ya kwanza ikaitikia, na ya pili, na nikawaona wanakuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanaume kumi na mbili waliinua kenchi ile mara moja.

Tulimpeleka Musoma kwa lori lililokuwa limepakia mawe. Mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Daktari hakusema kama tungewahi ingekuwaje, na hakuna aliyemuuliza.

Fomu ya taarifa ya tukio nilijaza mimi. Kuna swali, je, jamii ilishirikishwa kabla ya tukio? Nikaweka tiki. Ni fomu pekee ya maisha yangu ambayo kila jibu lilikuwa sahihi, na niliona aibu kiasi kwamba niliikunja nikaikunjua mara tatu kabla ya kuituma.

Siku ya nne nilikwenda hospitali na machungwa. Baba wa msichana yule alikuwa nje ya wodi, ameketi kwenye benchi, mkulima mwenye shamba la mihogo nyuma tu ya mawe ya shule, mahali ambapo majengo hayaonekani. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa. Alinisogezea nafasi nikakaa.

Nikamwambia kwamba barua ile niliandika mimi.

"Najua mwalimu. Niliisikiaga kigangoni," akasema.

Akafuta mikono kwenye suruali. Kisha akaniambia kwamba siku ile mvua iliwakuta shambani, yeye na mkewe, wakajibanza kwenye kibanda. Wakalisikia yowe.

"Sauti ya mtoto wangu naijua, hata wakiwa mia. Ilikuwa inapita za wengine zote. Nikamwambia mama yake, leo wamemchagua wetu aongoze. Akafurahi. Tukakaa tunamsikiliza."