Makala Niliyomwandika Mama wa Masjala

Nilikuwa na miaka miwili tu kazini nilipoanza kuwafundisha wenzangu kazi. Nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya upimaji wa viwanja hapa Bagamoyo, nikafungua blogu ya kuwashauri vijana walioajiriwa karibuni: namna ya kuandika barua ya maombi, namna ya kuzungumza na bosi, nguo za kuvaa siku ya usaili. Watu walisoma. Kila asubuhi, kabla sijagusa faili lolote, nilitazama kwanza wameingia wangapi.

Kisha mambo ya kuandika yakaniishia. Mbele ya meza yangu alikaa mama wa masjala, mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Ndiye aliyenipokea siku yangu ya kwanza na kunionyesha kila faili linakaa wapi. Nikamwandika yeye. Sikumtaja jina. Nilisema yuko mama mmoja ofisini anayechapa kwa kidole kimoja, anayefunika kompyuta kwa kanga, na aliyepoteza faili la mkulima wa Fukayosi siku tatu nzima. "Kijana, usikubali kuzeeka hivi kazini," niliandika. Makala ile ilisomwa kuliko zote. Nikajiona mwandishi.

Lakini Bagamoyo humfichi mtu kwa kuacha tu jina lake. Haikupita wiki, makala ilishazunguka kwenye magrupu ya simu mpaka Zinga, alikokuwa akiishi mama huyo.

Jumatatu nilimkuta ameshafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo."

Akavuta kiti, akaniwekea simu mezani, makala ikiwa wazi. "Nisomee."

"Mama, hii..."

"Binti yangu alinisomea jana, lakini alikuwa anaruka maneno. Ananionea huruma. Wewe uliyeandika hutaruka."

Nikasoma. Penye kanga nikaacha kusoma. Akangoja, hakuniangalia, mpaka nikaendelea. Nilipomaliza akachukua simu yake.

"Kuchapa kweli siwezi," akasema. "Na kanga ni kweli, vumbi la hapa jingi. Lakini faili halikupotea."

Akanieleza taratibu. Nilikuwa nimechanganya namba za viwanja vya wakulima wawili, shamba la mmoja nikaliandika kwa jina la mwenziwe. Yeye aliliona kosa kabla faili halijafika kwa bosi. Akalitoa kabatini, siku yake ya mapumziko akaenda nalo Fukayosi, akawakalisha wale wazee wawili, wakaweka sahihi upya. Bosi alipouliza faili liko wapi, akajibu kwamba hakumbuki alipoliweka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa mgeni wa kazi. Nikasema akizoea nitamwambia, tucheke."

Niliifuta makala mbele yake, nikamwomba radhi. "Nimekusamehe," akasema, kwa sauti ile ile aliyotumia kupokea barua za ofisi, akarudi mezani kwake. Kufuta hakukusaidia, kwa kuwa watu walishainakili. Baadaye kijana nisiyemjua alinitumia makala hiyo hiyo, akanisihi niisome, itanifaa kazini.

Kumwambia bosi ukweli wa lile faili kulinichukua wiki mbili, na hilo linanitia haya kuliko hata makala yenyewe. Wiki mbili nzima nilimwona mama yule anaingia na kutoka huku akihesabiwa msahaulifu kwa kosa langu, nami nikijiambia nitasema kesho. Niliposema hatimaye, bosi aliuliza tu, "Sasa limekaa sawa?" Nikajibu ndiyo. "Basi," akasema, akaendelea na kazi zake.

Mama hakubadilika. Aliitikia shikamoo yangu kila asubuhi, akaniuliza hali ya nyumbani. Ila hakunirekebishia kosa tena. Makosa yangu yalifika kwa bosi kama yalivyo, na nilijua kwamba ni haki yangu.

Alipostaafu tulimpikia pilau pale ofisini. Bosi akasema hotuba ya kumuaga niiandike na kuisoma mimi, kwa kuwa ndimi mwandishi wa ofisi. Mama akainua mkono polepole.

"Huyu mwacheni ale tu," akasema.

Watu wakacheka, wakidhani ananipumzisha. Hotuba akaitoa dereva, bila karatasi, na ilikuwa nzuri. Mimi nilikula nimeinamisha kichwa, na pilau ile sikumbuki ilikuwa na ladha gani.