Siku ya Posa, Nyota Ilipokufa

Subira sina, na kazi niliyoichagua imenizidishia ugonjwa huo. Nachunguza milipuko ya miale ya gama: nyota kubwa inakufa huko mbali kusikofikirika, inatupa miale kwa sekunde chache, kisha basi. Kinachobaki ni mwanga hafifu unaozidi kufifia, kama harufu ya udi chetezo kikishaondolewa chumbani. Mwanga huo ndio riziki yangu. Ukichelewa umeukosa, wala nyota ile haifi mara ya pili kwa ajili yako.

Siku wazee wa kijana tuliyefahamiana walipokuja kuniposa, zamu ilikuwa yangu. Satelaiti ikiona mlipuko, simu ya mwenye zamu inalia, naye anaamua upesi kama darubini igeuzwe au la. Nilimwomba mwenzangu tubadilishane, akasema anauguza. Basi nikaificha simu chini ya mtandio, nikakaa kitandani na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyenilinda kama mfungwa. Nyumba yetu ipo Keko, nyuma ya duka la baba, na mashine za maseremala zilinguruma mtaa mzima. Yaliyosemwa sebuleni hatukuyasikia.

Nilikuwa na neno la kumwambia baba atakapokuja kuniuliza. Mjomba wa huyo kijana alishapenyeza kwamba nikiolewa nitapumzika na hayo mambo yangu ya simu. Nilitaka baba awaambie mapema: kazi siachi. Neno lenyewe fupi, lakini nililikariri tangu asubuhi. Nilijua kwetu mwali haulizwi mara mbili.

Alasiri simu ikatetemeka. Mlipuko! Australia usiku ulikuwa umeshaingia, na darubini tunayoitumia kule ilikuwa tayari. Nikaanza kusoma: upande gani wa mbingu, mwezi uko wapi, mawingu je? Hapohapo baba akasimama mlangoni.

"Mwanangu, wageni wameleta posa. Unasemaje?"

Nilimsikia kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Macho yangu yote yalikuwa kwenye namba. Nikabonyeza darubini igeuzwe.

"Usimsumbue, anaona haya," shangazi akamwambia. "Kunyamaza ndiyo kukubali." Akapiga kigelegele kilichozishinda mashine. Nilipoinua uso baba hayupo, na sebuleni wote wanasoma Fatiha kwa sauti iliyotufikia hata huku.

"Shangazi, sijajibu mie!"

"Umeshajibu. Kaa chini."

Nikae chini wapi! Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia na mwenyewe. Nikajitanda vizuri, nikatoka, nikasimama mbele ya wanaume wale wote, jambo ambalo mwali wa kwetu hafanyi. Kijana mwenyewe hakuwepo. Posa hupelekwa na wazee.

"Shikamooni," nikasema. "Posa siikatai. Lakini kazi yangu siachi, wala safari zake. Kama haiwezekani, naomba mseme leo."

Mjomba wa kijana akaweka kikombe cha kahawa chini. "Kumbe nyumba hii msemaji ni mwali," akasema. Wakaaga kwa adabu zote, halwa wameiacha kwenye sahani. Baba aliwasindikiza hadi kwenye gari, na aliporudi alinipita ukumbini bila kunitazama.

Picha ya darubini iliingia kabla ya Magharibi. Nukta moja hafifu, palepale ilipotakiwa kuwa, na kwenye picha ya pili imeshapungua. Tulikuwa tumeuwahi mwanga. Wenzangu walijaza pongezi kwenye kundi letu. Nilifurahi, nikachukia kwamba nimefurahi, nikafungua dirisha, nikalifunga, nikaandika ujumbe kwa kijana yule na kuufuta wote. Sikuweza kukaa wala kusimama.

Baba akaingia bila kubisha hodi. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akiizungusha kofia mkononi.

"Wamepiga simu. Wanasema tumepishana, basi kila mtu atafute kwingine."

"Sawa, baba."

"Ungeniambia mapema kwamba humtaki, nisingewakaribisha watu wazima waje waaibike." Akanitazama, akaacha kuizungusha ile kofia. "Sasa unalia nini?"

Kusema mbele ya wanaume wote wale hakukunitisha kama kumjibu mzee huyu peke yake.

"Namtaka, baba," nikasema. "Namtaka sana."