Upanga wa Mpera

Sitaki tena mtu aniambie kwamba upanga wa mtoto ni kipande cha mti tu. Nimewasikia wengi wakisema hivyo, wakiwemo kaka zangu wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutengeneza upanga ukamaliza siku nzima mikononi mwa watoto. Mimi nimetengeneza. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, nikakwaruzana na karibu kila mtu nyumbani kwa mama, na hata leo nikilikumbuka jambo lile sijui nicheke au nikasirike. Mara nyingi nakasirika.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Mimi naishi Voi, ni fundi cherehani, na nina mtoto mmoja tu, msichana, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane. Kila Desemba tunapanda mlima Sagalla kwa mama, na kaka zangu nao huleta watoto wao, wa mmoja kutoka Nairobi na wa mwingine kutoka Mombasa. Wao huwashusha, hunywa chai, hugeuza gari. Kuwalisha, kuwaogesha kwa maji ya kupimiana na kuamua kesi zao huniachia mimi, kwa sababu eti kazi yangu ni ya kukaa, kwa hiyo huwa sijachoka.

Mwaka ule watoto wa Nairobi walikuja na panga za plastiki, wakaja na vita, na pamoja na vita wakaja na sheria. Sheria yenyewe ilikuwa moja: upanga wako ukivunjika, wewe ni mateka, unafungwa kwenye nguzo ya ghala la mahindi mpaka vita viishe. Vita vyenyewe havikuwa na mpango wa kuisha. Binti yangu aliingia vitani na kijiti alichookota njiani, kikakatika kabla uji wa asubuhi haujapoa. Tangu hapo, kila nikitoka jikoni nilimkuta pale pale, amefungwa kwa kamba ya mkonge, ametulia, anawatazama wenzake wakikimbizana.

Mara ya kwanza nilimfungua mwenyewe, kisha nikawakusanya wote nikawapa hotuba. Walinisikiliza kwa adabu kubwa. Wakaniitikia "sawa, anti" kwa pamoja kama wako kwaya, na kabla sijafika mlangoni binti yangu alikuwa amesharudi kwenye nguzo kwa miguu yake mwenyewe, ameweka mikono nyuma afungwe. Nikarudi mbio nikamuuliza kama ana akili timamu.

"Mama, usinifungue, hiyo ni kuharibu mchezo," akasema. "Nitengenezee tu upanga usiovunjika."

Mtoto huyu si mwombaji. Amekulia kwenye chumba cha kupanga, anacheza peke yake chini ya meza yangu ya kukatia nguo, akiyapa majina masalio ya vitambaa. Hao binamu ndio ndugu aliojaliwa, na huwapata mara moja kwa mwaka. Nikaona likizo itakwisha, watarudi kwao, na wakimkumbuka watamkumbuka kama yule wa kwenye nguzo. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyotaka watu wajue. Basi nikavua viatu vya mjini nikaingia kazini.

Upanga wa kwanza niliuchonga kwa mlingoti wa mkonge. Sisi tuliokulia juu ya mashamba ya mkonge tunaijua ile milingoti: imenyooka, ni myepesi, mtoto anaiinua bila shida, na ukiikata kwa kisu inakubali. Nilichosahau ni kwamba ndani ni laini kama mkate wa jana. Pigo la kwanza tu, upanga ukapasuka, nusu ikarukia kuku. Binti yangu akaenda kwenye nguzo bila kuambiwa.

Siku iliyofuata nilikuwa na shughuli Voi, nikampitia seremala mmoja ninayemshonea sare za watoto wake. Alinisikiliza huku akiendelea kupiga randa, akasema yeye hutengeneza vitanda na milango, lakini kwa kuwa ni mimi, sawa. Akachukua kipande cha saiprasi, akakilainisha vizuri mno, akakikatia kipande kingine cha kukinga mkono na kukipigilia msumari katikati. Nikaupandisha mlimani kwa bodaboda nikiwa nimeukumbatia, na dereva akaniuliza kama kuna mchezo wa kuigiza kanisani. Upanga ule ulikuwa mzuri kwa macho. Uliishi mpaka saa ya chai, kisha ule msumari ukaupasua mti kuanzia kwenye shina la mpini hadi karibu na ncha, na mtoto akaniletea vipande viwili, kimoja mkono huu, kingine mkono ule, hakulalamika. Angelalamika ningepata nafuu.

Nikampigia simu kaka wa Nairobi, kwa kuwa vita ni vya watoto wake. Yeye anajua kila kitu, tangu zamani. Akanieleza kwamba kosa langu ni kutumia mti mkavu, nichonge mti mbichi, unakuwa na nguvu ya kujipinda bila kukatika. Akamalizia na methali, samaki mkunje angali mbichi. Nikakata tawi la mgrevilea pale mpakani mwa shamba, nikachonga, na kweli kazi ilikwenda kama sabuni. Siku mbili za jua zikatosha. Upanga ulijikunja wenyewe ukawa mundu, ukapasuka pasuka kwenye mpini, na baraza la vita likakaa likaamua kwamba ule si upanga, na mwenye kitu kisicho upanga ni mateka. Nilipompigia tena kaka yangu kumweleza kwamba mti si samaki, alicheka, akauliza kama watoto wanakula vizuri. Nikakata simu.

Wakati wote huo mama alikuwa amekaa mlangoni pa jiko akichambua mbaazi, kimya. Mama yangu ana neno kwa kila kitu. Ana neno kuhusu nywele zangu, kuhusu ninavyokunja blanketi, kuhusu chumvi ninayotia. Lakini kwa habari ya upanga, wiki nzima hakufungua mdomo, ananitazama nikichonga, ananitazama nikitupa. Nilidhani amenihurumia.

Niliingia jikoni na ule mundu nikausukuma motoni. Nasema motoni kwa sababu jiko la gesi ambalo kaka zangu walimnunulia mama limefunikwa kitambaa cha kufumwa na huwashwa tu mchungaji akija, chai isichelewe. Nikaketi kwenye kigoda, nikamuuliza kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyeiumba miti, ni mti gani wa boma hili ambao hauvunjiki.

Mama hakuinua mkono. Alinyanyua kidevu tu, kuelekea juu.

Juu ya moto kuna uchaga, zile fito zilizopangwa karibu na paa ambapo huwekwa mahindi ya mbegu yasiliwe na wadudu. Na kati ya mahindi, umelala, mweusi kwa masizi, kulikuwa na mti wa mpera ulionyooka kama uzi. Hapo ndipo nilipotaka kujipiga kofi. Nyumbani kwetu hakuna mtu anayetia jembe mpini wa mti mbichi, wala wa mti uliokaushwa juani. Unakata mpera, unaulaza uchagani, na moshi wa kila siku unautoa maji polepole, msimu mzima, bila kuupasua. Mimi nimekulia chini ya miti ile. Masizi yake yamenidondokea kwenye sahani tangu nijue kushika kijiko. Na nilikuwa nimekwenda mpaka Voi kutafuta mti.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Hukuniuliza," akasema. "Ulimuuliza fundi wa Voi, ukamuuliza kaka yako Nairobi. Nikaona huna haja na mimi."

Wiki nzima. Nilipumua kwanza. Kisha nikakumbuka kwamba mpera ule haukuwekwa pale kwa ajili ya vita vya watoto. Jembe la mama lilikuwa limeegemea ukuta, mpini una ufa, amelizungushia waya, na palizi ilikuwa imefika. Nikamuuliza atapalilia na nini.

"Mchagua jembe si mkulima," akasema, akarudi kwenye mbaazi zake. "Panda uuchukue, nisije nikabadili nia."

Nilitaka kulia na nilitaka kumrushia kigoda, yote kwa pamoja. Nikapanda nikauchukua.

Kama hujawahi kuchonga mpera uliokaa moshini, usianze leo. Shoka lilidunda. Tupa ilikuwa inaimba tu, unga hautoki. Nilichukua kipande cha katikati kisicho na fundo, ambacho mishipa ya mti ilikuwa inapita moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho, na sikuikata mishipa ile popote, nikaifuata ilivyokwenda. Ncha nikaiacha nene na butu kama kidole gumba, kwa sababu macho ya watoto wa watu si ya kuchezewa. Kingo nikaziviringa. Msumari sikuutaka hata kuuona. Nilichonga pengo la kukaa kipande cha kukinga mkono, nikakikaza kwa nyuzi za mkonge nilizoziloweka usiku kucha, maana zikikauka hujibana zenyewe kuliko mkono wa mtu, nikazungusha nyuzi zile zile kwenye mpini wote. Msasa nikapiga mpaka malengelenge yakapasuka. Nikaupaka mafuta ya kupikia, nikatoka nje, nikaupiga kwenye nguzo ya ghala kwa hasira yote niliyokuwa nayo tangu likizo ianze. Ghala likatikisika. Upanga ukakaa vile vile.

Binti yangu aliupokea kwa mikono miwili, akasema asante mama, akakimbia. Nami nikasimama dirishani, kazi zote nikaziacha.

Plastiki ya kwanza ilikatika hata sijatulia. Ya pili ikafuata, ya tatu, kisha virungu vya watoto wa Mombasa. Kufika saa ya chakula, binamu wote walikuwa kwenye nguzo, kamba haiwatoshi, na mkubwa wao wa Nairobi analia akisingizia vumbi. Nilifurahi, na sitajifanya sikufurahi. Mama akaniuliza nani ataokota kuni ikiwa wote wamefungwa.

Baada ya chakula kukawa kimya. Nikachungulia. Wale binamu walikuwa wamejifungia ndani wanatazama katuni kwenye simu, na binti yangu amekaa kwenye ngazi peke yake, upanga magotini. Nikamwambia akawaite watoke. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza sasa anataka nini tena, nichonge na watu? Akasema anafikiria. Nikaona bora niende zangu nikapange foleni ya maji kabla sijasema la kujutia.

Foleni ilikuwa ndefu kama kawaida yake. Nilirudi na mtungi mgongoni, nikasikia kelele za vita tangu kwenye kona ya njia, nikaharakisha hatua kwa furaha. Nikazunguka nyuma ya ghala.

Binti yangu alikuwa amefungwa kwenye nguzo. Kamba ile ile, fundo lile lile. Na upanga wa mpera, upanga wangu, jembe la mama yangu, uko mkononi mwa kitoto cha Mombasa ambacho hata kuushika hakijui, kinawafukuza wenzake nao wanakimbia huku wakicheka.

Mtungi uliniponyoka. Nikauliza kwa sauti iliyowasimamisha wote ni nani aliyemnyang'anya mtoto wangu upanga.

"Hakuna, mama. Nimewapa. Tunashika kwa zamu."

Akanieleza akiwa pale pale alipofungwa, kwa upole, jinsi mtu anavyomweleza mgeni. Sheria ilisema upanga ukivunjika. Huu hauvunjiki. Kwa hiyo sheria imekufa na mchezo umekufa, na yeye alikaa kwenye ngazi akatunga nyingine: upanga ni mmoja, kila mtu ataushika kwa zamu, na kila mtu atakaa kwenye nguzo kwa zamu. Wenzake walikuwa wanaogopa kuianza nguzo, akaanza yeye, kwa sababu ameshaizoea na anajua haiumi.

Nikamwonyesha viganja vyangu. Nikamuuliza na hii yote niliyojichosha je, ilikuwa ya nini, kama angerudi tu pale nilipomtoa.

Aliviangalia vile viganja, akaniangalia usoni, na nikaona kweli amenionea huruma.

"Pole, mama. Ni upanga mzuri sana," akasema. "Lakini songa kidogo, unatuzibia njia."

Wale wengine walikuwa wamesimama wananingoja, pamoja na yule mkubwa wa Nairobi. Nikaokota mtungi wangu uliobaki maji nusu, nikasonga.