Chapa Anayoijua Mwenyewe

Wataalamu wamenichosha. Wiki hii mmoja alituita ukumbini hapa mtaani kwetu Waberi kuzindua sajili yake ya majina ya intaneti. Badala ya kuishia na "com" kama ya watu wengine, yetu yataishia na "ngamia".

Mzee mmoja mfugaji akainua fimbo. "Mtu wa Nairobi akiandika jina yangu kwa kombyuta, ataniona?"

"Hapana, mpaka kwanza airekebishe kompyuta yake ijiunge na sajili yetu," mtaalamu akajibu.

Mzee akachora alama sakafuni kwa fimbo. "Basi hii ni chapa najua mimi beke yangu. Ngamia akibotea huko mbali Rhamu, nani atajua ni wangu?"

Mtaalamu akatugeukia, akatabasamu: "Mzee hajaelewa."

Sisi tuliosoma tukacheka naye, tukapanga foleni kujaza fomu. Nilikuwa wa tatu.