Mbuzi wa Wodi ya Watoto

Naona haya kusimulia, lakini Same nzima inajua, basi nanyi mjue. Enzi za Mwingereza, nikiwa mwalimu kijana, kila Jumamosi tuliigiza hospitalini kuwachangamsha watoto wagonjwa na mama zao. Mwenzangu Mbonea alikuwa mfugaji; mimi, msomi mzima, nilikuwa mbuzi, nimejifunika ngozi ya mbuzi kichwa hadi mgongo.

Siku hiyo Nakijwa, mtoto aliyeungua mguu, alikuwa hajala tangu jana yake.

"Mbuzi akila, nami nitakula," akasema.

Nikatafuna majani ya kweli, naye akameza uji, kijiko kwa kijiko. Mama yake akafuta machozi. Kichwa kikanivimba! Ngozi ilikuwa imeniziba macho, nikaona viatu vya katambuga tu mbele yangu, kama vya Mbonea. Nikadhani ni yeye. Nikalia "mee!", nikampiga kichwa magotini, nikang'ata pindo la koti lake.

"Mwalimu," sauti nzito ikasema, "si wewe uliyeleta posa kwangu juzi?"

Alikuwa Mzee Elinaja wa Usangi, baba wa msichana niliyemposa, aliyekuja kuona wagonjwa. Posa ilikuwa bado haijajibiwa. Nikamwamkia shikamoo, majani yakiwa bado mdomoni.

"Babu, usimkatize," Nakijwa akalalamika. "Uji wangu haujaisha."

Mzee akaokota majani, akainama, akanisogezea mdomoni.

"Kula, mkwe."