Neno Alilomnyima Mjomba Wake

Pale Matema, kwenye misheni ya kando ya ziwa, enzi za Mdachi, hakuna mwanamke aliyefinyanga vyungu kumshinda Tusekile, na kwa kuchukia pia hakuna aliyemfikia. Niseme mapema, maana wapo wanaosimulia habari za Wakristo wa kwanza kana kwamba walizaliwa wameshasamehe. Tusekile alikuwa Mkristo kweli. Amebatizwa, anajua nyimbo zote, mgonjwa hakosi uji wake. Lakini akisali, penye maneno ya kuwasamehe waliotukosea, alikohoa kidogo akaruka. Alikuwa na mtu wake moyoni, na hakuwa tayari kumwachilia.

Mtu mwenyewe ni Mwakalobo, kaka wa mama yake. Tusekile alipokuwa msichana mdogo, kabla Wadachi hawajajenga boma lao, mjomba huyu alimchukua yeye na mdogo wake, akawaambia wanakwenda ng'ambo ya mto Songwe kula arusi. Arusi gani! Huko waliwakuta wafanyabiashara wa watumwa wamekaa wanawasubiri, na mjomba akarudi nyumbani na bunduki begani na kitambaa kwapani. Njiani Tusekile alishikwa na homa, wakamtupa ufukweni kama gunzi la hindi, watu wa misheni wakamwokota. Mdogo wake alipita na msafara na hakuonekana tena. Mama yao alikufa akimuulizia.

Halafu, baada ya miaka yote hiyo, Mwakalobo naye akaja misheni na mvi zake kuomba ubatizo. Uso mkavu huo!

Sasa, watu wa huko wanajua jambo moja kuhusu hasira. Ikisemwa, imetoka. Ikifichwa, inamla taratibu yule iliyemkusudia. Ndiyo maana ukoo haufanyi jambo lolote kubwa mpaka kila mwenye kinyongo akitoe mbele ya wenzake, kisha achukue maji mdomoni ayapulize chini, basi, yameisha. Akibaki mmoja amenyamaza, jambo lile halishiki, na mwenye kufanyiwa ataanza kukohoa na kukonda mpaka azikwe. Wazee wa kanisa hawakuitupa desturi hiyo. Kila siku ya ubatizo walimsimamisha mtu mbele, wakauliza nani ana neno naye.

Kila mtu alijua Tusekile ana neno. Walidhani atapiga kelele mpaka paa liezuke. Thubutu! Yeye alikuwa amefikiri jambo baya zaidi ya kelele. Alipanga kunyamaza.

Mwakalobo hakuwa mjinga, akaliona. Siku chache kabla ya ubatizo alimfuata kule anakofinyangia, akamkuta anakwangua chungu.

"Ugonile, mwanangu."

"Ndaga, mjomba," Tusekile aliitikia salamu kwa upole mpaka mzee akarudi nyuma hatua.

"Nimekuja unitukane."

"Nikutukane kwa lipi, mjomba wangu? Mimi sina neno."

"Usinifanyie hivi, Tusekile. Nitukane mbele ya watu. Nipige, ukitaka."

"Kwani una njaa? Kuna ndizi za kuchoma hapo motoni. Karibu."

Mzee aliondoka bila kugusa ndizi. Tusekile alicheka mpaka mdomo wa chungu ukaenda upande, na wala hakuurekebisha. Kabla ya Jumapili habari zikafika kwamba Mwakalobo anakohoa usiku kucha. Tusekile akala akashiba siku hiyo. Ndiyo, na mimi namsema vile alivyokuwa.

Siku ya ubatizo kanisa lilijaa. Yohana, mzee wa kanisa, akasimama kando ya chungu cha maji akauliza kwa sauti yake nzito: nani ana neno na mtu huyu? Macho yote yakamgeukia Tusekile. Yeye akajitazama vidole kana kwamba anatafuta udongo kwenye kucha.

"Hakuna," Yohana akasema kwa shida.

"Yupo," akasema Mwakalobo. "Msinibatize. Yupo, na amenyamaza."

Mchungaji, Mdachi asiyejua mambo hayo ya kunyamaza, akamwambia aungame mwenyewe, yatosha. Mwakalobo akakohoa, akajifuta mdomo, akaanza. "Niliuza watoto wa dada yangu. Mmoja yupo hapa. Yule mwingine... yule mdogo..." Akashika paji la uso. "Yule mdogo wake."

"Mungu anamjua," mchungaji akasema, akatumbukiza mkono majini.

Yule mdogo wake! Damu ilimpanda Tusekile mpaka masikio yakavuma. Kumbe hivyo tu? Mtoto aliyetoka tumbo moja naye ataoshwa kwa kiganja cha maji, hata jina hana? Akinyamaza, mjomba atakufa na kikohozi chake, na ndilo alilokuwa akilitaka kwa moyo wote. Lakini mdogo wake atabaki "yule mdogo" mbele ya watu wote hawa, milele. Akifungua mdomo, mzee amepona. Alilijua hilo wazi kabisa, na akasimama huku anajilaani.

"Ana jina! Anaitwa Angetile! Alikuwa na pengo hapa mbele, na alikuwa anaogopa vyura. Mama alimpaka mafuta kwa ajili ya arusi yako ya uongo! Alikuita, mbwa wewe! Alikuita 'mjomba, mjomba' mpaka sauti ikakauka, na wewe ulikuwa umeinama unapima kitambaa. Hukugeuka! Hata mara moja hukugeuka!"

Alisema yote, na kadiri alivyosema alisikia hasira inamtoka. Alijaribu kubakiza kidogo, hata ya kumtosha wiki moja, ikamponyoka. Aliponyamaza kanisa zima lilikuwa linalia, na Yohana alikuwa amemshikia kata ya maji.

Tusekile akajaza mdomo. Desturi ni kupuliza chini. Yeye akatembea mpaka mbele, akasimama karibu na mjomba wake kiasi cha kusikia pumzi yake, akampulizia yote usoni.

"Yesu wangu!" mama mmoja akapiga ukelele. Mchungaji akawa mwekundu, akanyanyua mkono, Yohana akamshika.

"Mwache, bwana mchungaji. Yametoka."

Mwakalobo hakujifuta. Maji yalimchuruzika ndevuni.

"Mtaje," Tusekile akasema.

"Angetile."

"Wasikie na wa nje!"

"Angetile!" mzee akalia. "Angetile, mtoto wa dada yangu!"

Tusekile akatafuta moyoni mwake ile hasira aliyokuja nayo asubuhi, asiione. Kisha akamgeukia Yohana.

"Haya, mbatizeni. Mimi sijamsamehe, na asithubutu kunipa mkono. Lakini sina tena cha kumuulia."

Akarudi mahali pake, akakaa, akalia kwa hasira, kwa kuwa ilikuwa kweli.