Walifumba Macho Mpira Ulipokuja

Sijawahi kuwa mchezaji mzuri. Hilo niliseme mapema, maana muhula ule watu walinichukulia kama mtaalamu, na mimi nikawaacha wanichukulie hivyo.

Nilikuwa mwalimu msaidizi katika shule ya wasichana ya misheni, juu kwenye uwanda wa Iramba, enzi za Mwingereza. Nilikuwa sijafika miaka ishirini na moja. Wasichana wenyewe walikuwa wa darasa la tano mpaka la nane, wote walilala bwenini, na wengine nilikuwa nimewapita umri kwa miaka minne tu. Wakiniamkia shikamoo asubuhi nilikuwa naona haya kidogo kuitika marahaba, lakini niliitika, na fimbo yangu ya mti wa mkole nilikuwa nayo mkononi.

Mchezo uliletwa na Bibi mmoja Mmarekani aliyefundisha hesabu na kuimba. Kwao uliitwa softiboli. Sisi tuliuita mpira wa gongo, kwa sababu mmoja anarusha mpira kwa mkono wa chini na mwingine anausubiri na gongo, akiupiga anakimbia kuzunguka vituo vinne kabla wenzake hawajaurudisha. Gongo letu lilichongwa na seremala wa misheni kwa mti wa mninga, zito mno kwa watoto. Mipira ya kweli ilikuwa miwili, ya ngozi nyeupe, iliyokuja kutoka Amerika ndani ya sanduku la nguo. Mingine tulitengeneza kwa matambara yaliyofungwa kamba ya katani.

Bibi alikuwa na kawaida ya kuweka mpira juu ya kigingi kilichofika kiunoni. Msichana anasimama kando, anaupiga ukiwa umetulia. Huko walikuwa hodari kweli. Alikuwapo mmoja wa darasa la saba, mtoto wa upande wa Nduguti, mabega mapana, mkimya, akiupiga mpira wa kigingi unavuka ua wa kanisa mpaka kwa ng'ombe wa misheni. Wenzake walikuwa wanashangilia kabla hajaupiga.

Lakini mpira ukirushwa na mtu, kila kitu kiliharibika. Wengine walipiga hewa. Wengine waliruka nyuma. Yule wa Nduguti alikuwa anafumba macho kabisa, anazungusha gongo kwa nguvu zake zote, na mpira unampita.

Muhula huo Bibi alikwenda likizo kwao. Kabla ya kuondoka aliniita barazani kwake, akanipa mipira miwili ya ngozi ikiwa imefungwa kwenye taulo.

"Mpira uliotulia wanauweza," aliniambia. "Unaokuja hawauwezi. Usiwaharakishe. Kwanza waone, ndipo wapige."

Nikasema ndiyo, Bibi. Nilisikia maneno yake kama mtu anavyosikia maneno ya kuagana.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu, mzee wa watu aliyeheshimiwa mpaka bomani, alitutangazia kwamba tumealikwa kwenye michezo mjini Singida. Bwana DC, mkuu wa wilaya, atakuwapo. Tutacheza na wasichana wa misheni nyingine, na huko, alisema, wana mrushaji ambaye mpira wake hauonekani. Alinitazama mimi. "Usitutie aibu, mwalimu."

Basi nikaanza kuwafundisha kila jioni baada ya masomo. Nilikuwa narusha mimi mwenyewe, kwa namna aliyonionyesha Bibi. Mkono unapanda nyuma mpaka juu ya bega, halafu unashuka kwa kasi kando ya paja, na mpira unatoka karibu na goti. Kurusha nilikuwa naweza. Kupiga sikuwahi kujaribu, wala hakuna aliyeniuliza.

Siku za kwanza niliwaambia tu: fumbueni macho. Siku ya nne nikaanza kupaza sauti. Wiki ya pili nikaenda uwanjani na fimbo. Sikuona ajabu yoyote. Darasani mtoto akikosea hesabu alichapwa, akichelewa kengele alichapwa, na mimi mwenyewe nilisoma hivyo hivyo mpaka nikafika chuo. Anayefumba macho, nilisema, atapata fimbo moja ya miguuni. Na nilitimiza. Yule wa Nduguti ndiye aliyezipata nyingi, kwa sababu ndiye niliyemtegemea.

Jioni ambayo siwezi kuisahau upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa bonde la Wembere, unapeperusha vumbi uwanjani. Mwalimu mkuu alikuja akasimama penye kona, mikono nyuma. Msichana yule alikuwa na gongo. Nikarusha, akafumba. Nikarusha tena, akafumba. Nikamwendea nikamchapa miguuni mara mbili mbele ya mwalimu mkuu, nikarudi mahali pangu nikachukua mpira wa ngozi, si wa matambara.

"Ukifumba tena utaona," nikamwambia.

Nilirusha kwa hasira. Mkono wangu ulipopanda nilimwona anageuza uso na kuinama, lakini aliinamia huko huko mpira ulikokuwa unakwenda. Ulimpiga chini ya nyusi, jicho la kushoto. Hakulia. Alikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, gongo likiwa bado mkononi, na damu ikaanza kutoka puani.

Tulimbeba mpaka hospitali ya misheni. Mwalimu mkuu alitembea kando yangu, na tulipofika mlangoni alisema, "Ni ajali." Nikaitikia kwamba ni ajali.

Baba yake alifika siku ya tatu kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Nilimkuta ameketi kwenye benchi nje ya wodi, kofia yake juu ya goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa mpira?"

"Ndimi, baba."

"Nani alimtupia mtoto mpira?"

Ningeweza kusema neno lile la mwalimu mkuu. Lilikuwa karibu na ulimi. "Nilimtupia mimi," nikasema.

Akanitazama, nadhani alikuwa anapima umri wangu. "Huo mpira, unaulizwa kwenye mtihani?"

"Hapana, baba. Ni mchezo."

"Mchezo," akarudia. Halafu akaacha Kiswahili akasema kwa Kinyiramba, pole pole, akijua nitaelewa kwa kuwa ni lugha yangu pia, kwamba walipomleta mtoto shuleni alikuwa na macho mawili. Kisha nesi akaja kumwita ndani.

Uvimbe ulipopungua ilionekana jicho halikupotea. Lakini nesi alisema linaona kama kupitia kitambaa, na hakujua kama litarudi sawa. Baba alilala misheni siku mbili, kisha akarudi kwake na kumwacha mtoto aendelee na masomo. Nilitarajia angemchukua. Mpaka leo sijui kwa nini hakumchukua.

Nilikwenda kumwona msichana siku moja kabla hajatoka wodini. Nilimpelekea karanga za kukaanga. Nilimwambia pole, akasema ahsante mwalimu. Nikakaa. Nilitaka kumwomba radhi na sikujua mwalimu anamwombaje mwanafunzi radhi, sikuwahi kuona ikifanyika. Badala yake nikamwuliza swali ambalo nadhani nilipaswa kumwuliza mwanzoni.

"Kwa nini ulikuwa unafumba macho? Unauogopa mpira?"

Alifikiri. Alikuwa anazungusha karanga moja vidoleni.

"Mpira siuogopi, mwalimu. Mkono wako ukipanda, mimi siuoni mpira. Naona fimbo. Macho yanafumba yenyewe."

Alisema bila lawama, kama mtu anayeeleza njia. Nikashindwa kumtazama. Niliaga nikaondoka, na karanga zangu nilizokuwa nimeshika nikazisahau mkononi mpaka zikalowa jasho.

Jioni ile sikuwafundisha. Nilimwita msichana mmoja wa darasa la nane aliyekuwa mrushaji wetu, nikasimama mimi na gongo, nikamwambia anirushie. Alisita. Nikamwambia arushe tu, na kwa nguvu. Mkono wake ulipopanda, macho yangu yalifumba. Nilijiambia sitafumba, na ya pili nikafumba, na ya tatu. Nilikuwa mtu mzima, naye alikuwa mtoto asiyeweza kunifanya lolote, na bado shingo yangu ilikuwa inaingia mabegani. Nilimkumbuka mwalimu wangu wa darasa la tatu. Sikuwa nimemfikiria kwa miaka mingi.

Toka siku hiyo nilianza upya, na muda ulikuwa umebaki mfupi. Niliiacha fimbo ofisini. Niliwaambia wasichana wote, wakiwa wameketi chini, kwamba uwanjani hakuna atakayechapwa kwa lolote. Walinitazama bila kuamini, na walikuwa na haki.

Siku za mwanzo hatukushika gongo kabisa. Mpira mmoja wa matambara niliupaka udongo mwekundu, mwingine majivu. Msichana anasimama mahali pa mpigaji, mikono mitupu, nami narusha pole pole kupita kando yake. Kazi yake ni kuniambia tu: mwekundu au mweupe. Walikosea sana mwanzoni. Wengine walibahatisha. Kisha mmoja, mdogo kuliko wote, wa darasa la tano, akaanza kutaja rangi kabla mpira haujafika nusu ya njia. Nikamwuliza anajuaje.

"Nautazama unapotoka gotini kwako, mwalimu. Mkono siutazami."

Basi alitufundisha yeye. Nikawaambia wote watazame goti langu, waache mkono upande utakavyo. Baada ya hapo tulichukua vijiti vyepesi, wakawa wanaugusa mpira tu bila kuupiga. Gongo la mninga lilirudi mwisho, nalo niliwaambia walishike juu kidogo ili lisiwe zito. Siku moja nilisikia sauti ya mpira ukipigwa sawasawa, ukaruka juu ya kichwa changu, na wasichana wakapiga vigelegele. Nilifurahi, halafu nikakumbuka nani hayupo.

Yule wa Nduguti alikuwa ametoka hospitali, lakini alikataa kuja uwanjani. Sikumlazimisha. Jioni alikuwa anaketi kwenye ngazi za bweni na kitabu akikisogeza karibu na uso.

Mwalimu mkuu aliniita. Alikuwa amesikia kwamba hata darasani nimepunguza kuchapa.

"Unaleta uzungu," alisema.

"Hapana, mzee. Bibi mwenyewe hakuwahi kumchapa mtoto, lakini pia..." Nikanyamaza, kwa sababu hapo hapo nilikuwa nimeona jambo ambalo sikuwa nimeliona. Bibi hakuwahi kuchapa mtu kwa sababu waliokosea kwake alikuwa anawaleta kwangu niwachape.

"Lakini pia nini?"

"Lakini pia wanapiga vizuri sasa, mzee."

"Tutaona Singida," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Tulikwenda Singida kwa lori la misheni, tumekaa juu ya magunia. Tulifungwa, tena vibaya. Mrushaji wao alikuwa kweli mkali, msichana mrefu wa Kinyaturu mwenye miguu kama swala, na wasichana wangu wengi walizidiwa. Lakini nilikuwa nimesimama mahali ninapoona nyuso zao, na hakuna hata mmoja aliyefumba macho. Yule mdogo wa darasa la tano alipiga mpira mmoja safi kabisa, akafika kituo cha tatu, akabaki hapo anahema na kucheka. Bwana DC alipiga makofi. Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kuondoka kwenda kwenye lori.

Mwisho wa mwaka nilihamishiwa shule nyingine, ya kijiji, huko Mkalama. Barua haikutaja sababu. Bibi alikuwa amerudi kutoka likizo. Nilimweleza yote, pamoja na la kwake, la kuniletea watoto niwachape, nikachagua maneno ya heshima kadiri nilivyoweza. Alisikiliza, akawa mwekundu, akasema atamwomba Mungu. Sikumwona tena.

Ningependa kuandika kwamba sikushika fimbo tena maishani. Nilishika. Katika shule ile mpya nilikuwa na watoto zaidi ya hamsini katika chumba kimoja na mwalimu mkuu mkali kuliko wa kwanza, na mwezi wa pili nilikuwa nimekata tawi mwenyewe. Nilichapa kidogo kuliko zamani. Kila nilipoinua mkono nilitazama macho ya mtoto, na mara nyingine nikaushusha, na mara nyingine sikuushusha.

Msichana wa Nduguti baadaye alimaliza darasa la nane. Niliambiwa alifaulu, na kwamba jicho halikupona sawa. Mimi nilimwona mara ya mwisho wiki ile niliyokuwa naondoka misheni, karibu na kisima, ndoo kichwani. Alisimama, akaishusha ndoo mpaka chini ili aniamkie vizuri, na maji yakamwagika miguuni kwake.

"Shikamoo, mwalimu."

Alikuwa amegeuza kichwa kidogo, ili anione kwa jicho la kulia. Nikaitikia marahaba. Nikamsaidia kujitwika ndoo, akashukuru, akapanda kilima kwenda bwenini.